Mkunjo Usimpitie Mgeni Rasmi

Kufika saa tatu asubuhi Asteria alikuwa ameshachora mistari miwili ya mkunjo kwenye kompyuta, na kipeperushi kimekaa sawa. Karatasi moja, mikunjo miwili, kurasa sita. Kwa miaka minne katika duka la uchapaji la mzee Mwinyijuma, hapo Bagamoyo mjini, ametengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi mpaka amechoka nazo. Kazi hii aliitaka mwenyewe. Ilikuwa ya wiki ya usalama barabarani, na madereva walitakiwa kugawiwa vipeperushi siku hiyohiyo, saa saba mchana, mara tu baada ya uzinduzi.

Ukurasa wa katikati kwa ndani ndio alioupenda. Alikuwa ameweka ramani ndogo ya barabara ya kwenda Msata na kona nne mbaya, kila moja na alama nyekundu. Ya tatu ilikuwa kona ya Kwa Sihaba. Hapo lori liliangusha kibao cha kivuko cha watoto wa shule mwaka juzi, na mpaka leo hakuna aliyekirudisha. Tina, binti wa Asteria aliye darasa la pili, huvuka hapo kila siku akishikwa mkono na jirani yao, Bimdogo. Jana Bimdogo aliletewa habari ya msiba, akaenda Mkange. Medard, baba yake Tina, anafundisha Miono na hurudi Jumamosi. Kwa hiyo leo saa nane na nusu mtoto angevuka bila mtu mzima, na tangu alfajiri Asteria hakuwaza kingine.

Saa nne akaingia Bwana Vedasto, katibu wa kamati ya maandalizi. Asteria akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye simu. Alikuja na picha mpya. Watu tisa wamesimama mstari mmoja, mgeni rasmi katikati, wajumbe wanne kulia kwake na wanne kushoto. Akataka iwekwe ndani, na kila mjumbe aonekane.

Asteria akaisogeza ramani ukurasa wa pembeni, akaipanga picha kwenye kurasa mbili, akachapa nakala moja, akaikunja, akampa. Katibu akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Uso wake ukabadilika.

"Mkunjo unampitia usoni."

Kweli ulimpitia. Ulishuka katikati ya paji, ukafuata pua, ukamgawa mgeni rasmi nusu kwa nusu. Picha pana ikikaa kwenye kurasa mbili, wa katikati lazima akunjwe. Hilo halina uchawi. Asteria akapendekeza iwekwe ndogo, kwenye ukurasa mmoja. Katibu akasema wajumbe watakuwa kama kunguni. Basi dawa ikabaki moja, na Asteria aliijua kabla ya kuitamka, akatamani asingeijua: kuitandaza picha kwenye kurasa zote tatu za ndani, ili mikunjo ipite kwenye mabega ya wajumbe na mgeni abaki mzima. Chini yake zingekaa salamu za mwenyekiti wa kamati na mistari michache ya mkanda, mwendo na simu. Kurasa za nje zilikuwa zimeshajaa, na ramani haikuwa na pa kukaa.

Akajaribu kuiokoa. Akaomba zipunguzwe salamu za mwenyekiti, zilizoanza kwa kuwakumbusha madereva kuwa ajali haina kinga, kana kwamba kamati imechapisha karatasi mia tano kuwaambia watu wasijisumbue. Katibu akasema mwenyekiti hapunguzwi. Akaomba basi mstari mmoja tu, akauandika hapohapo chini kabisa: *Punguza mwendo kona ya Kwa Sihaba, watoto wanavuka.* Katibu akainama, akausoma polepole.

"Toa," akasema. "Mgeni akiusoma huu ataniuliza kibao kiko wapi. Nimjibu nini mbele za watu?"

"Mjibu kuwa hakipo, katibu. Mwanangu anavuka pale."

"Wangu pia wanavuka barabara, mama. Toa huo mstari, muda unakwenda."

Mzee Mwinyijuma, aliyekuwa akihesabu rimu za karatasi, akasema kwa upole kuwa mwenye kazi ndiye mwenye neno. Hakumtazama Asteria aliposema hivyo. Aliona haya, na Asteria alimhurumia kidogo, lakini hasira ilikuwa nyingi zaidi. Akaufuta mstari.

Vikachapwa mia tano. Kukunja kwa mkono kuna adabu yake: unapiga ukucha kwenye mkunjo, unageuza, unapiga tena. Alikunja huku anatazama saa ya ukutani. Saa sita umeme ukakatika zikiwa zimebaki nakala arobaini, ukarudi baada ya robo saa. Saa saba katibu akaja kubeba maboksi. Saa nane kasoro akapiga simu kuwa vimekwisha, anataka mia mbili zaidi. Mzee Mwinyijuma akawasha mashine. Asteria akazikunja hamsini, akatazama saa, akasimama, akachukua mkoba wake. Mzee akamuuliza anakwenda wapi. Akatoka akisimamisha bodaboda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuacha kazi katikati.

Bodaboda ikamshusha Kwa Sihaba watoto wameshafika ukingoni, kama thelathini hivi, na Tina yuko mbele. Magari yalipita bila kupunguza mwendo. Asteria akaingia barabarani, akanyoosha mikono yote miwili. Pikapu nyeupe ikafunga breki hatua chache kutoka magotini pake. Dereva, kijana mwenye uso mpole, akashusha kioo na kumwonyesha kipeperushi kilichokuwa mbele ya usukani, bado kimefungwa vilevile kilivyokunjwa.

"Nimeshapewa, mama. Nimepewa pale stendi."

"Najua. Nimekikunja mimi," Asteria akasema. "Hii kona hawakutaka niiandike. Zima gari, wanangu wavuke."

Nyuma ya pikapu lori likapiga honi, na jingine nyuma yake. Kijana akazima gari. Asteria akabaki katikati ya lami, mikono juu, akiwaita watoto mmoja mmoja, na simu kutoka dukani ikiita ndani ya mkoba.