Kichwa Kisicho na Ufa

Mluzi ulipita dirishani, mtu akimwita mbwa wake. Kabla mbwa hajaitika, mke alikuwa ameshaangusha sahani na kujikunja pembeni mwa cherehani, mikono kichwani, magoti kifuani. Teke la kwanza lilimpata kiunoni, la pili kwenye kiwiko. Mume wake hakutukana wala kufoka. Alipiga kama mtu anayebomoa ukuta: palepale, palepale, mpaka palegee. Akamnyanyua kwa nywele, akamgonga kipaji kwenye chuma cha cherehani, akamwachia.

Kisha ikaisha, ghafla, kama bomba lililofungwa. Akabaki amesimama katikati ya chumba akitazama vigae vya sahani.

"Nani kavunja sahani?"

"Imeniponyoka."

"Na damu hiyo?"

"Nimejikwaa. Kaa ule."

Mume alichukua kitambaa akamfuta uso, taratibu, kama alivyokuwa akimfuta jasho siku za uchumba wao. "Wewe nawe," akasema, "macho umeyaazima?" Akacheka. Mke naye akacheka, maana mzaha ulikuwa mzuri, na aliyeusema alikuwa yule wa zamani, anayekuja kumtembelea baada ya kila kipigo.

Mafundi ujenzi wenzake walimwita mume huyu Timazi, kwa jina la uzi wenye uzito wa kupimia wima wa ukuta. Ukuta wake ulisimama wima hata ukiutazama kwa jicho la ubaya. Mwaka uliopita, kwenye jengo la ghorofa alikokuwa akijenga, kamba ya winchi ilikatika na ndoo ya zege ikashuka pamoja na mbao zake. Msimamizi akapuliza filimbi. Timazi, badala ya kukimbia, akainua uso atazame kuna nini. Kofia ngumu zilikuwepo. Zilitundikwa ofisini, kwa ajili ya wageni.

Alilala hospitalini bila kufumbua macho hadi watu wakaanza kunong'ona habari za mazishi. Alipofumbua alikula, akasalimia, akauliza kama zege lile lilishakauka. Madaktari wakampongeza. Hakuna aliyemwambia mke kwamba filimbi ile ilibaki ndani ya kichwa. Aliigundua mwenyewe, jikoni, birika lilipolia. Birika akalitupa. Majirani akawaomba mmoja mmoja wasipige mluzi karibu na nyumba, na wengine walimcheka kabla hajamaliza sentensi.

Kampuni ilikataa kumtibu. Mganga wa kichwa, yule wa kweli, alikuwa wa watu wenye hukumu ya mahakama au wenye mifuko yao. Kwa hiyo mke akaishitaki kampuni. Bila hukumu, hakuna tiba. Bila tiba, kuna siku atachelewa kujikunja.

Asubuhi ya kesi alimnyoa ndevu na kumvalisha shati jipya, kola imekaa sawasawa. Nywele alimwachia, zilikuwa zimeota vizuri na kulifunika kovu.

"Umempamba kama bwana harusi," wifi yake akasema mlangoni.

"Ulitaka aende kama chizi?"

"Nataka wamwone alivyo."

"Ana aibu yake, wifi. Acha aende mbele za watu kama mtu."

"Kaka yangu hakuwa mpigaji. Tangu nizaliwe sijamwona akimpiga hata mbuzi."

"Mbuzi ana bahati," akasema mke, akafunga kilemba kukificha kipaji kilichovimba.

Wakili wa kampuni alikuwa mpole kuliko muuguzi. Alimsogelea Timazi kizimbani mikono ikiwa nyuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifundishe kidogo. Ukitaka kujenga chumba, unaanzia wapi?"

Uso wa Timazi ukanawiri. "Kwenye kona. Unasimamisha kona mbili, unavuta uzi, unashusha timazi. Ukifanya haraka, mvua ya kwanza tu ukuta unakuumbua."

Watu wakacheka. Hakimu, mzee mwenye miwani puani, naye akatabasamu.

"Mkeo unampenda?"

"Sana. Shati hili kanishonea yeye."

"Umewahi kumpiga?"

Timazi alishangaa kwa dhati. Akageuka kumtafuta mke wake kwenye mabenchi. "Mimi? Nimpige kwa kosa gani?"

Wakili wa kampuni akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, daktari wetu alipiga picha ya kichwa hiki. Fuvu halina ufa. Mtu huyu ni mzima kuliko baadhi yetu humu ndani."

Wakili wa Timazi akainuka na suti yake iliyochakaa viwikoni. Akaeleza kwamba picha ile ilikuwa ya mfupa, si ya ubongo, na kwamba mashine ya ubongo iko mbali na foleni yake ni ndefu. Akaomba waahirishiwe tena.

"Nimeahirisha mpaka nimechoka," hakimu akasema. "Wakili, mahakama haiwezi kuingia ndani ya kichwa cha mtu. Inataka kitu inachoweza kukiona. Una kingine cha kunionyesha?"

Wakili akapekua makaratasi yake ingawa alijua kilichomo. "Kwa leo sina, mheshimiwa."

Hakimu akachukua kalamu, akainamia faili, na macho yote yakaifuata kalamu ile.

Mke alikuwa benchi la mbele. Alimtazama mume wake kizimbani, amenyooka, kola safi, akingoja kuambiwa aende nyumbani. Akajua kwamba kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemvalisha uzima. Akavua kilemba. Akalowesha midomo, akaingiza vidole viwili kinywani kama kaka zake walivyomfundisha utotoni, akapiga mluzi.

Timazi alikiruka kizimba. Benchi likapinduka, watu wakaanguka juu ya watu. Safari hii mke hakujikunja. Alisimama, mikono chini, hakimu aone. Ngumi ya kwanza ilimvunja taya kwa mlio wa ubao mkavu. Ya pili ilimkuta akianguka. Karani akamshika Timazi mkono, Timazi akavikamata vidole vya karani na kuvikunjia nyuma, vikalia kimoja baada ya kingine. Ndipo askari walipofika na virungu. Walipiga kichwani, pale nywele zilipolifunika kovu. Palepale, palepale, mpaka palegee.

Wodini, taya la mke likiwa limefungwa kwa waya, wakili wao alivuta kiti hadi kitandani. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata kazi.

"Mama, hakimu ameona kwa macho yake. Amekubali tungoje mashine. Kesi yetu iko hai." Akashusha sauti. "Ule mluzi, wamechanganyikiwa, hawajui ulitoka wapi. Mimi nilikuona. Wakiniuliza, sikukuona. Ukitamka kwamba ni wewe, kampuni itasema tumecheza maigizo, na fidia imekufa hapohapo. Nyamaza tu."

Wifi, aliyekuwa miguuni pa kitanda, aliangua kicheko kikavu. "Anyamaze mara ngapi? Si mmeshamfunga mdomo?"

"Dada, nazungumzia maisha yao."

"Na kaka yangu? Karani kavunjwa vidole. Kaka kashitakiwa, yuko rumande, na hakuna anayemlilia isipokuwa mimi." Akamwinamia mke. "Wifi, mume wangu alifungwa pale, napajua. Kuamka ni filimbi. Kula filimbi, kuhesabiwa filimbi. Leo wamemlaza zahanati ya gereza na bandeji yake. Wakimtoa zahanati wakampeleka kwa wenzake, atamuua mtu, au watamuua yeye. Sema ni wewe uliyemchokoza. Wamwachie."

Wakili akamtazama mke. Wifi akamtazama mke. Yeye alitazama dari.

Shitaka la kumjeruhi karani lilisikilizwa na hakimu mwingine, mwanamke mwenye sauti ya upole. Mwendesha mashitaka alileta picha ileile ya kampuni, akaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Fuvu halina ufa. Mshitakiwa ana akili timamu, anaweza kujibu mashitaka na kutumikia kifungo.

Timazi aliletwa na pingu, shati bado lile alilopambwa nalo kama bwana harusi, damu imekaukia kwenye kola. Alipomwona mke wake alisimama ghafla.

"Nani kakuvunja, mke wangu?"

"Kaa chini," askari akamwambia.

"Niambie nani. Niambie tu, nitamtafuta."

Mke akainuka. Wakili alimvuta gauni, lakini mke akaunasua upindo mkononi mwa wakili na kusogea mbele.

"Wewe ndiye mke?" hakimu akauliza. "Una la kusema?"

Akaitikia kwa kichwa. Akasema: ni mimi niliyepiga mluzi, yeye hana kosa, msimpeleke kwenye filimbi. Kutoka kwenye meno yaliyofungwa ukatoka mlio kama wa ng'ombe anayesikika kwa mbali. Akarudia. Mate yakamtoka na damu kidogo.

"Sikuelewi, mama."

Akaonyesha kwa mkono kwamba anataka kalamu.

"Shahidi hapa huapa kwa mdomo. Utarudi ukipona, utasema."

Akaweka vidole viwili midomoni, akavuta pumzi, akapuliza. Hewa ikapita kwenye waya bila mlio.

"Anaumwa, mheshimiwa," wakili wake akasema haraka, akamshika mabega. "Naomba akapumzike."

"Andika," hakimu akamwambia karani mpya, "shahidi amefika, hakueleweka. Mshitakiwa arudishwe rumande. Anaonekana amepona. Akae na wenzake."

Nyuma ya mahakama karandinga lilikuwa limefungua milango. Mahabusu walisimama safu mbili, wamefungwa pingu wawiliwawili, wakingoja amri ya kupanda. Timazi alikuwa katikati, amefungwa na kijana mwembamba aliyekuwa akimweleza jambo la kuchekesha, maana wote wawili walikuwa wakicheka. Askari mkuu alipita kando yao akiwahesabu kwa kidole. Kifuani pake kilining'inia kitu cha chuma kwenye kamba nyeupe.

Mke alikiona. Akakimbia, kandambili zikamvuka miguuni, mikono juu, akipiga kelele kwa nguvu zake zote nyuma ya meno.

"Mrudisheni yule mama nyuma," askari mkuu akasema, akaitia filimbi mdomoni, akajaza mashavu.