Kibao cha Arobaini

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni vidole. Kaka yake alikuwa amemletea chakula cha mchana kwenye karakana ya mabango, na aliponyoosha mkono kumpa bakuli, binti akaona mikato midogo, myembamba, imejipanga kwenye vidole viwili kama mistari ya daftari. Kaka yake alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda cha mbao. Mbao humwachia mtu vibanzi. Hazikati namna ile. Kinachokata namna ile ni waya. Binti aliijua mikato hiyo kwa sababu na yeye alikuwa nayo: kila siku alifunga mabango kwenye nguzo kwa waya, akiukaza mpaka unalia.

Alipokea bakuli. Yeye na kusema walikuwa hawajuani. Mjomba wake, mwenye karakana, alimpa jina la Spika kwa utani, maana siku nzima ilipita bila sauti yake kusikika. Shule aliiacha darasa la tano. Kusoma kulimsumbua, lakini herufi zilimkaa mkononi: alichora A kama mtu anavyochora paa la nyumba, na O yake ilikuwa duara kuliko mdomo wa kikombe.

Siku hiyo karakana ilikuwa imepamba moto. Asubuhi Afisa Wanyamapori alikuja mbio na karatasi mkononi. Sheria mpya imepita! Zamani aliyenaswa akitega wanyama msituni alilipa faini au alifungwa miaka miwili. Sasa ni thelathini. Vinatakiwa vibao arobaini kwa siku tatu, kila njia inayoingia msitu wa hifadhi ipate chake, na maneno ni haya: WEWE UNAYETEGA HUMU UTAFUNGWA MIAKA THELATHINI.

"Thelathini!" Mjomba alikuwa anacheza na brashi hewani, rangi nyekundu ikimrukia shati. "Mtu anaingia na nywele, anatoka na upara! Nani atathubutu tena?"

Jirani yao fundi viatu, ambaye watu walimwita Soli, alichungulia dirishani na kiatu kimoja mkononi. "Vibao arobaini? Basi mmepatia. Siku za mwizi arobaini."

"Cheka tu. Ujangili umekwisha leo."

"Sikia, Picha." Soli alimwita mjomba hivyo tangu ujana wao. "Mkeo alikwambia ukinywa tena atakuhama. Uliacha?"

"Nilipunguza."

"Ulipunguza kunywa au ulipunguza kuonekana?"

Mjomba alimtupia kitambaa cha tapentaini, Soli akakidaka akicheka. Kaka naye alicheka. Alikuwa amesimama mbele ya kibao kibichi, anakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata herufi bila kuzigusa.

"Miaka thelathini," akasema. "Waandike hata mia. Kwanza wanika... wamkamate huyo mtu."

Wanaume wawili hawakusikia kitu. Spika alisikia. Neno moja lilikuwa limeanza kuwa lingine, kisha likageuzwa njiani, kama mtu aliyemwona mdai wake akija akaingia duka asilolikusudia.  Akakumbuka ile nyama aliyoileta kaka kila Jumapili, akisema ni ya mbuzi wa rafiki. Rafiki gani huyo anayechinja kila Jumapili? Kaka alikuwa na miaka ishirini na minne. Ongeza thelathini. Hata aliyeishia darasa la tano alipata jibu, na ndani ya jibu hilo mama hayupo tena.

Siku tatu zile walifanya kazi kama wanafukuzwa. Mjomba alikata mbao, Spika akapaka rangi nyeupe, zikakauka juani zikiegemea ukuta mpaka kona ya mtaa. Kisha herufi. Katika kazi ile kuna sheria moja ambayo mjomba aliirudia mpaka ikawa wimbo: kabla brashi haijalowa, hesabu herufi, pima kwa chaki, anza na neno refu. Neno refu likipata nafasi, mafupi yatajipanga yenyewe. Thelathini kwanza!

Siku ya tatu saa sita, lori la hifadhi lilikuwa mlangoni, injini inanguruma, dereva anapiga honi utadhani amebeba mgonjwa. Vibao thelathini na tisa vilikuwa tayari. Mbao zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki ni kipande, kifupi kuliko vingine kwa shubiri mbili.

"Spika! Kimalize hicho, mimi napakia!"

Akachovya brashi. Mkono ulikuwa pale, akili haikuwepo. Akili ilikuwa njia ya nyuma ya kiwanda cha mbao, njia pekee ya kuingia msituni upande ule, ambako mtu akitoka kazini anaweza kupotea saa mbili na hakuna wa kumuuliza. WEWE, akaandika, kubwa, nzuri. UNAYETEGA HUMU, akaandika. Akarudi nyuma hatua moja kukitazama kibao.

Hakuwa amehesabu. Hakuwa amepima. Maneno yalikuwa yamekula kibao chote, na chini imebaki nafasi ya mstari mmoja, herufi tisa, kumi zikibanana. UTAFUNGWA MIAKA THELATHINI haiingii hapo hata kwa kusukumwa.

Piii! Piiiii!

"Spika, jamani, lori linaondoka!"

Kufuta haikuwezekana, nyekundu juu ya nyeupe ingekuwa uji. Herufi tisa. Akavuta pumzi, na mkono ukaandika kabla yeye hajauruhusu: TUMEKUONA.

Akahesabu baadaye. Tisa kamili.

Mjomba alikinyakua bila kutazama, akampa dereva, dereva akakisimamisha nyuma, uso kwa ndani kisiharibike. "Hiki kifupi kinakwenda wapi?" dereva aliuliza, akigeuza karatasi ya njia. "Hapa sioni vifupi."

Mjomba alikuwa upande wa pili wa lori anafunga kamba. Spika hakuwahi kumjibu mteja hata mmoja tangu aanze kazi. 

"Nyuma ya kiwanda cha mbao," akasema.

"Eti?"

"Nyuma! Ya kiwanda cha mbao!"

"Sawa, mama, mbona unanifokea?" Dereva akaandika, lori likaondoka.

Jumamosi mchana kaka alikunywa maji, akasema anakwenda kumsaidia rafiki kubeba mzigo, akatoka anapiga mluzi. Spika alikuwa uani anafua. Alifua shati moja mara nne. Mama akamuuliza shati lina kosa gani.

Jua bado lilikuwa juu kaka aliporudi. Hakuja kwa miluzi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia imemfika puani, akaufunga na kuuegemea.

"Nani amekuja hapa?" akauliza.

"Muuza mkaa," akasema mama.

"Amesemaje?"

"Amesema mkaa."

"Hajauliza mtu?"

"Ameuliza kama nataka gunia au debe. Una nini wewe? Umemkosea muuza mkaa?"

 Jirani alikohoa ng'ambo ya ukuta, kaka akaruka. Spika aliinamia beseni, uso karibu na povu, kwa maana kicheko na kilio vilikuwa vinagombania mdomo uleule. Kimefika! Amekisoma!

Wiki ile kaka alikuwa kama mtu anayetembea na yai mfukoni. Kiwandani mwenzake alimwambia "nimekuona jana", kaka akakaribia kujiangushia ubao mguuni. Kumbe jana walionana sokoni. Jumapili alikwenda mara moja tu nyuma ya kiwanda, akarudi na furushi lililofungwa kwenye gunia, akalitumbukiza kwenye shimo la choo. Spika aliusikia mlio wake likianguka. Ulikuwa mlio wa waya. Jumapili ile hapakuwa na nyama, na Spika hakuwahi kula chakula kitamu kama kile.

Siku ya kumi Afisa alikuja tena karakanani. Safari hii hakukimbia. Alikaa juu ya kopo la rangi, akavua kofia.

"Fundi, nimezunguka njia zote arobaini. Vile vibao vyako thelathini na tisa ni vizuri, lakini mitego ipo kama kawaida. Kimoja wametumia nguzo yake kufungia kitanzi! Miaka thelathini iko juu, swala amekufa chini yake."

"Hawajui kusoma," mjomba akasema.

"Wanasoma kuliko mimi. Wanasoma, kisha wanapiga hesabu. Miaka ni thelathini, lakini walinzi ni sita. Miguu kumi na miwili kwa msitu mzima." Akatingisha kichwa. "Sasa niambie. Kuna kimoja, kifupi, nyuma ya kiwanda cha mbao. Njia ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Leo hakuna mtego hata mmoja. Vitanzi vimefunguliwa, vimeondoka. Na kibao chenyewe hakina miaka. Kimeandikwa tumekuona. Nani aliandika?"

Mjomba alimgeukia Spika polepole. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akamgeukia Afisa. "Ni ufundi wetu huo," akasema.

"Lakini tumekuona, nani? Sisi hatujamwona mtu yeyote!" Afisa akainuka, akamsogelea Spika. Hakuwa na sauti ya ukali. Ndiyo maana iliogopesha zaidi. "Binti. Wewe ulimwona mtu?"

 Nyundo ya Soli ikasimama. Na hapo, nyuma ya vibao vilivyokuwa vinakauka mlangoni, Spika akaona viatu vya kaka yake. Alikuwa ameleta chakula, amesimama na bakuli, hasogei mbele wala nyuma.

"Maneno hayakutosha kwenye ubao," akasema Spika.

Afisa akasubiri.  Kisha akaanza kucheka, cheko la tumbo, akapiga paja kwa kofia. "Hayakutosha! Bunge limekaa mwezi mzima kutafuta adhabu, na ubao umekuwa mfupi! Fundi, nitengenezee vingine thelathini na tisa, vifupi hivyohivyo. Jumatatu nakuja kuvichukua."

Mjomba alimsindikiza, kisha akakimbilia kwa Soli kusimulia jinsi alivyobuni kibao kifupi.

Kaka aliingia. Akaweka bakuli juu ya meza. Mabega yake, yaliyokuwa yamejikunja siku kumi, yalishuka mahali pake, na tabasamu likamjia taratibu, upande mmoja, kisha wa pili.

"Kumbe hawajamwona mtu," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Ubao ulikuwa mfupi! Mdogo wangu, hujui ulichonifanya. Wiki nzima nimelala na viatu miguuni." Akacheka, akajipangusa macho. Alikuwa mwepesi, mzuri, kaka yake wa siku zote. "Basi. Hakuna aliyeona. Jumamosi nitamsaidia tena yule rafiki."

Akaanza kupiga mluzi. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Spika aliilaza brashi juu ya kopo.  Miaka thelathini ilikuwa imemwogopesha yeye, haikumwogopesha aliyeandikiwa.

"Kaka."

Aligeuka kwa mshangao. Haikuwa kawaida kuitwa na sauti ile.

"Mimi nimekuona."

Mluzi ukakatika. "Umeona nini? Wapi?"

"Nimekuona. Na Jumatatu Afisa atakuwa hapa, amekaa kwenye kopo lile." Akamsogelea hatua moja. "Ukirudi msituni, nitasema."