Dakika Nne za Ngamia

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, Garissa iliamka na mawingu ya mvua, alhamdulillahi, lakini ngurumo zilikuwa ndani ya gereji ya Golicha.

"Tunajitoa kwenye mashindano ya magari ya taifa!" alisema Golicha, dereva wa timu, akipunga barua aliyokwisha kuitia sahihi. "Kwenye mbio zilizopita tulisimama dakika nne ngamia wapite, na waamuzi hawakuturudishia hata sekunde moja. Wanatudharau!"

Dahabo, dada yake, ndiye aliyemsomea njia garini. Alikipenda kile kiti cha pembeni kuliko kitu chochote, na sasa kilikuwa kinamponyoka. Akaomba kimoyomoyo, "Ya Rabbi, mlainishe."

Muriuki, fundi kutoka Meru, akachomoa kichwa kwenye boneti. "Kwani mliwaambia habari za hao ngamia?"

"Tuwaambie nini? Ngamia walikuwa wakienda kisimani! Nani asiyejua kwamba kundi linalokwenda kunywa halikatizwi?"

"Mimi hapa," alisema Muriuki. "Ningepiga honi nikapenya."

Mafundi wengine waliokuwa gerejini wakaangua kicheko. Dahabo hakucheka. Aliikumbuka fomu ya waamuzi, ile nafasi ya kueleza kilichowachelewesha, aliyoiacha tupu.

"Kaka, hawakutudharau," alisema. "Hawakujua. Kosa ni langu."

Golicha akaichana barua na kuinua mkono wa kulia.

"Mbele yenu nyote na mbele ya Mungu, hatujitoi. Ngamia tutawasubiri, na Dahabo ataandika hata rangi zao, inshallah."

"Nitaandika," alisema Dahabo kwa sauti.