Mtakatifu Aliyekataa Kuandikwa Jina

Katika nyumba ile ya masista, wakati wa chakula cha mchana hakuna anayefungua kinywa ila kwa kutia kijiko. Anayesema ni mmoja tu, msomaji, naye husimama kwenye kimeza kirefu karibu na dirisha akiwasomea wenzake maisha ya mtakatifu wa siku hiyo. Masista wanakula kimya, wasichana wanakula kimya, na kucheka nako kunahesabiwa kuwa ni kusema. Ruhusa ya kuongea hurudi msomaji akishatamka "Mwisho wa somo" na Mama Mkuu akagonga kengele yake. Lakini msomaji hawezi kutamka hivyo mtakatifu akiwa bado yuko njiani. Lazima amfikishe mbinguni, au angalau mahali penye usalama.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Redio.

Aliitwa Redio kwa sababu aliongea tangu anaamka mpaka analala, na wenzake wa bweni walikula yamini kwamba hata usingizini alikuwa akitangaza. Kwa maneno hakuwa na mpinzani. Kwa herufi, maskini ya Mungu, hakuijua hata ile ya mviringo. Alikwisha kupita nyumba kadhaa za watoto yatima, na kila moja ilimhamisha kabla hajazoea kona zake, shule ikawa inabaki nyuma kila safari. Alipofika hapa alidanganya kwamba anasoma vizuri tu, maana wasichana walimwambia kuwa mkubwa asiyejua kusoma hupelekwa nyumba nyingine ya shirika, ng'ambo ya mto, akaanze na watoto. Redio alikuwa amechoka kufunga mzigo. Hapa alikuwa na kitanda chake, na kitanda cha juu alilala rafiki yake, Kijiti. Hakutaka kingine duniani ila asiondoke tena.

Zamu zote zilizopita aliokolewa na Kijiti. Yeye ndiye aliyemchagulia kitabu na kumsomea kurasa zake mapema, na Redio akisikia mara moja anazo zote kichwani, pamoja na kikohozi cha Kijiti. Alikuwa akisimama mbele ya watu na kumwaga somo bila kujikwaa, huku masista wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini sasa Kijiti alikuwa amelala na matubwitubwi, mashavu yamevimba mpaka macho hayaonekani, na ilikuwa marufuku kumsogelea.

Basi Redio akapiga moyo konde, akaenda mwenyewe kwenye kabati la vitabu. Vyote vilivalishwa karatasi ya kaki, vyote sawasawa. Akachukua kilicho kinene, akiamini kwamba mtakatifu wa maana hawezi kuenea kwenye kitabu chembamba, akakifungua katikati na kukisimamisha juu ya kimeza. Mgongoni, upande uliowatazama walaji, palikuwa na maandishi makubwa ya wino mweusi: MAGONJWA YA KUKU NA TIBA ZAKE.

Wa kwanza kuyasoma alikuwa novisi, yule sista mchanga ambaye bado alikuwa anajifunza utawa. Supu ikampitia njia isiyo yake.

"Mtakatifu wetu wa leo," Redio akaanza, macho yamekazwa kwenye ukurasa, "alikuwa mnyenyekevu mno, hata jina lake alikataa lisiandikwe."

Vijiko vilisimama hewani, kisha vikaendelea. Redio akaona mambo yanakwenda, akakanyaga mafuta.

"Alizaliwa mtakatifu tayari. Alipokuwa na miaka miwili alifunga uji kila Ijumaa. Sukari hakufunga, kwa sababu Mungu ni mwema. Wazazi wake walikuwa na mbuzi mmoja mkaidi, asiyependa sala. Mtakatifu akamhubiria. Mbuzi akasikiliza, akala ile karatasi ya mahubiri, akaongoka."

Sista wa jikoni, mama mnene mwenye mguu mbovu, aliinama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka. Alikaa huko muda mrefu, na meza ilikuwa inatetemeka. Novisi alikuwa amejaza leso mdomoni. Wasichana nao walikuwa wamejikaza kisabuni, machozi yanawatoka, mmoja ameuma mkate na hautafuni. Redio aliyaona machozi yale akajua somo limewagusa.

"Ndipo akaja mfalme mbaya. Mfalme huyu akisema uongo anapiga chafya. Akamwambia mtakatifu, mimi ni mtu mwema. Akapiga chafya. Akasema, sijawahi kuiba. Akapiga chafya mpaka taji likaingia kwenye sufuria ya maharage, na mpishi akaligawa pamoja na maharage, na aliyelipata akawa mfalme mpya. Naye alikuwa ni mpiga pasi."

Mama Mkuu peke yake alikuwa anakula uso mkavu, ingawa aliyekaa karibu naye angeona kwamba bakuli lake lilikwisha zamani na bado analichota. Redio hakuliona hilo. Aliona tu kwamba kijiko hakijalazwa, na kijiko kisipolazwa msomaji anaendelea. Mtakatifu akavuka jangwa. Akaponya mamba jino. Raha ilimpanda Redio kichwani, sauti ikapaa, akaanza hata kufungua kurasa kwa madaha. Nani alisema kusoma ni kazi?

"Halafu siku moja," akasema, "shangazi yake akampeleka stendi ya mabasi. Akamnunulia andazi. Akamwambia, kaa hapa kwenye benchi, usiondoke, nakuja sasa hivi."

Sentensi hii hakuipanga. Ilitoka yenyewe, na ilipokwisha kutoka aliishangaa.

"Akakaa," akasema. "Andazi akala nusu, nusu akamwekea shangazi. Mabasi yakaondoka. Wauza maji wakafunga masanduku yao." Akafungua ukurasa, kama vile jibu liko upande wa pili. "Akaendelea kukaa."

Mama Mkuu akalaza kijiko.

Sasa ilibidi mtakatifu afike. Redio alitafuta mbuzi, akatafuta mfalme, hata malaika akamtafuta, wote wakagoma kuja stendi. Aliyaangalia yale madoadoa meusi ya kitabuni nayo yakamwangalia. Maneno yalimwishia. Bwaloni hakukuwa na anayecheka tena. Novisi alikuwa ametoa leso mdomoni, anaifutia macho, na safari hii hayakuwa machozi ya kicheko.

"Halafu?"

Kila kichwa kiligeuka. Aliyesema alikuwa Bibi Sista, mkongwe kuliko wote, ambaye maisha yake yote ya utawa hakuwahi kuvunja kimya cha mezani hata alipomeza mwiba wa samaki. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mtoto yuko stendi," akasema. "Halafu ikawaje?"

Redio akatikisa kichwa. Hajui.

"Halafu akaja sista mmoja mnene," akasema Sista wa jikoni kutoka chini ya meza, kisha akajitokeza na kilemba kimekwenda upande. "Mguu unamuuma. Akamwambia, mwanangu, sogea kidogo na mimi nikae."

"Akamuuliza, umekula?" akadakia novisi.

"Akasema bado," wakajibu wasichana wa meza ya mwisho, na sheria ya kimya ikawa imekufa kifo cha hadharani.

Redio akawatazama wote. Akajua wamejua. Basi akaona afadhali amalize mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akapitia kwa mtakatifu.

"Lakini mtakatifu alikuwa hajui kusoma," akasema polepole. "Aliwadanganya masista. Na walipojua..." Akashindwa, akaanza upya. "Walipojua, wakampeleka nyumba nyingine?"

Wote wakamtazama Mama Mkuu. Mama Mkuu akainuka, akapita kati ya meza bila haraka, akafika kwenye kimeza. Akavaa miwani yake, akakivuta kitabu kidogo upande wake, akaweka kidole juu ya ukurasa ulioeleza namna ya kumtibu kuku mwenye mafua.

"Hakupelekwa popote," akasoma, kwa sauti ya kusomea Injili. "Alifundishwa kusoma hapo hapo, na Bibi Sista, kila siku baada ya chakula. Alilia sana, maana herufi ni ngumu. Lakini usiku alilala kwenye kitanda chake kile kile, chini ya rafiki yake, mpaka alipokuwa mtu mzima na akaamua mwenyewe pa kwenda. Mwisho wa somo."

Redio aliutazama ukurasa, akamtazama Mama Mkuu.

"Mama, imeandikwa hivyo kweli?"

"Hapana," akasema Mama Mkuu. "Lakini Mama Mkuu ni mimi."

Kisha akarudi mezani kwake akagonga kengele, na bwalo zima likaanza kuongea kwa pamoja.