Soksi za Restuta

Kabla hakujapambazuka, spoki ya baiskeli ninayofumia iliniponyoka ikagonga sakafu. Nikaipapasa chini ya kitanda, nikaendelea. Ilibaki mistari michache nifunge ncha ya soksi ya pili, nami nilitaka kumkuta Restuta kabla hajaenda shamba.

Restuta ni jirani yangu hapa Nyakisasa tangu tulipoolewa. Mumewe, mzee Juvenali, alifariki mwezi wa nne. Wakati huo nilikuwa Biharamulo, wodini, namuuguza binti yangu aliyejifungua kwa upasuaji. Niliporudi nilikwenda kutoa pole. Restuta aliipokea akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kanisani akahama benchi letu. Simlaumu. Huku kwetu jirani hakosi maziko, hata awe na sababu gani.

Mwezi wa saba baridi ya milimani huingia mifupani, na miguu yake haijawahi kuivumilia. Basi nilifumua sweta tatu za mtumba, nyekundu, ya njano na ya kijani, nikamfumia soksi.

Nilimkuta uani akichambua maharage. Akaitikia salamu. Aliziangalia zile rangi kwa muda.

"Unataka nifanane na kasuku?" akasema. Lakini alivua kandambili.

Soksi ilikwama kwenye kisigino. Nilikuwa nimepima kwa kumbukumbu, na mguu wake sasa umevimba hadi juu ya kifundo. Miezi mitatu amekuwa akiutembelea hivyo, mimi jirani sijui. Niliona aibu.

Nikaanza kuzifumua soksi, nikamwomba mikono yake. Uzi uliofumuliwa hujikunja, lazima mmoja anyooshe mikono na mwingine auzungushie hapo. Aliyeshika hawezi kuinuka. Akakaa mbele yangu, mikono mbele kama anayepokea mtoto.

Uzi mwekundu uliisha. Tulipofika kwenye wa njano akaanza kusimulia mwenyewe. Siku ya maziko mvua ilijaza kaburi maji, vijana kutoka Kanazi, ambao hata majina yao hayajui, wakayachota kwa ndoo mpaka yakaisha. Halafu akashusha sauti.

"Nilikuwa nakutafuta kwa macho, mama Akimana. Kila kitenge kilichotokea njiani nilidhani ni wewe."

"Ulinihitaji, sikuwepo," nikasema. "Nisamehe."

Machozi yalimshuka, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa na uzi, nikamfuta kwa ncha ya kitenge changu. Akaniachia nimfute. Baadaye akauliza mtoto wa binti yangu tumempa jina gani. Nikamwambia ni Ntwari, na ananyonya vizuri.

Nilimpima miguu yote miwili kwa kipande cha uzi, nikatia fundo. Nikasimama kuaga, nikamwambia soksi zikiwa tayari nitamtuma mjukuu wangu mkubwa azilete.

Restuta akatikisa kichwa.

"Usitume mtu. Zilete mwenyewe Jumapili baada ya misa, na usije na haraka. Nitakuwa nimepika."