Kipimo cha Uzi wa Zeze

Kunal alipuliza vumbi juu ya kibodi, akamuuliza Mzee Bujiku uzi wa zeze lake una urefu gani. Ilikuwa mwaka 1998, dukani kwa Kunal, mjini Kahama, na kompyuta ilikaa kwenye kaunta katikati ya mipira ya baiskeli na makopo ya rangi. Kunal alikuwa mpigaji wa sitari, zeze kubwa la Kihindi, na ndani ya kompyuta alikuwa na programu ya kuchagua unene wa nyuzi: unaipa urefu na sauti unayotaka, nayo inakuambia uzi uwe mnene kiasi gani na utavuta kilo ngapi.

Bujiku alitaka uzi usiokatika. Mwanawe Mabula alifukiwa na duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, kule upande wa Kharumwa. Mwenye duara, Pantaleo, aliona matimba, zile nguzo za kushikilia kuta, ni anasa. Lilipoporomoka alilijaza udongo siku hiyo hiyo, akawaapia watu wa serikali kwamba hapakuwa na mtu ndani. Matanga hayakuweza kuanuliwa, maana hakukuwa na maiti ya kuzika, na kila Bujiku alipompigia mwanawe zeze la maombolezo, uzi aliouchambua kwenye waya wa breki ya baiskeli ulikatika. Mtu na uzee wake ananyimwa hata kulia vizuri.

Aliimba sauti aliyoitaka. Kunal akaitafuta kwenye kinanda kidogo alichokuwa nacho chini ya kaunta, akaiandika kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mzee, inasema utavuta kilo sitini na mbili. Zeze litapasuka."

"Ndio uzito wa Mabula. Acha hivyo hivyo."

Kunal aliacha hivyo hivyo. Katika nyaya zote za dukani hakuna uliolingana na kipimo. Uliolingana ni ule Bujiku aliotoa mfukoni, kipande cha waya wa winchi iliyokuwa ikimshusha mwanawe duarani. Waliufunga. Zeze halikupasuka, ila lilikuwa zito, likabebwa na watu wawili hadi stendi, na konda akalikatia tiketi yake.

Nyumbani Bujiku alipiga.

"Shikamoo baba," alisema Mabula kutoka kwenye uzi.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Uko wapi?"

"Palepale. Waje wanitoe."

Mariana, mama yake Mabula, alimuuliza kama huko kuna baridi, kisha akaenda kufagia mahali walipopanga kumzika.

Asubuhi zeze lilipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi kwa Pantaleo. Bujiku alidhani mtu akisikia sauti ya aliyemfukia atakosa pa kuuficha uso wake. Pantaleo alisikiliza kwa utulivu, akampa Mabula pole, akasogeza kigoda.

"Kijana, hapo ulipo, mwamba wa dhahabu umeelekea wapi?"

Mabula hakuwahi kumkatalia bosi wake neno.

"Mashariki, bosi. Mimi niko magharibi."

Duara jipya lilianzwa mashariki. Bujiku alipouliza habari za mwanawe aliambiwa avumilie, kazi kwanza. Angekwenda wapi na zeze lile? Alikaa kando ya udongo uliochimbuliwa, akawa anapiga, na wachimbaji wakipita walimsalimia yeye, wakamsalimia na Mabula.

"Baba, mbona nyundo nazisikia zinakwenda mbali?"

"Wanatafuta njia ya kukufikia, mwanangu."

"Wana matimba?"

Bujiku alitazama mdomo wa duara. Vijana walikuwa wakishuka mmoja mmoja, matochi wameyafunga vichwani, na pale juu hapakuwa na hata fito.

"Wanayo," alisema, akaendelea kupiga.