Samaki wa Arobaini

Noela hakuwa na mume tena, hakuwa na friza, hakuwa na meza sokoni, wala hakuwa na jina zuri kwa wakwe zake wa Lusewa. Friza aliazimwa na Bashiru, muuza samaki wa jumla hapo Mfaranyaki, mjini Songea. Jina ndilo lililomnyima raha. Siku ya kumzika mumewe alifika mikono mitupu, na wifi yake Oliva akasema mbele ya waombolezaji kwamba watu wa mjini huja msibani na vijiko tu.

Arobaini iliangukia Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama. Noela akaona nafasi yake. Akachukua kwa Bashiru katoni nzima ya samaki wa kuganda kutoka ng'ambo, akawakausha kwa moshi hadi wakawa wekundu, akawapakia kwenye basi la Lusewa. Oliva alipowapokea alipiga simu kushukuru, na kwa mara ya kwanza akamwita wifi yangu.

Jumatano, siku mbili kabla ya arobaini, maofisa wa afya wakaja na gari kwa Bashiru. Walisema shehena ile ya samaki wa ng'ambo imepimwa na kukutwa na zebaki, sumu. Wakazoa kila katoni kwenda kuteketezwa. Noela akamsogelea mmoja wao, akauliza kama samaki aliyekaushwa kwa moshi naye ana neno.

"Mama, moshi unafukuza nzi," ofisa akajibu. "Zebaki haijui moshi wala moto."

Gari lilipoondoka, Bashiru akamvuta pembeni. Sumu hiyo haiui kwa mlo mmoja, alisema, na habari ikifika Lusewa itarudi Songea, wote wawili washtakiwe.

"Nyamaza, shemeji. Wakila wakashiba, nani atajua?"

"Binti wa Oliva ana mimba, Bashiru."

"Basi mwambie yeye peke yake asile."

Noela nusura amsikilize. Alipiga simu, ya Oliva ilikuwa imezimika, kama kawaida ya simu inayochajiwa siku ya gulio. Akachukua karatasi. Angeweza kuandika kwamba samaki waliharibika njiani, na aibu ingekuwa ndogo. Akaandika zebaki, akaandika kwamba serikali imekamata shehena nzima, samaki wafukiwe wote, hata mbwa asipewe. Mwisho akaandika kwamba safari hii pia atakuja mikono mitupu, na Oliva aseme atakavyo juu ya vijiko.

Bahasha haikuwa na gundi. Akaibandika kwa ugali wa jana, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, na Alhamisi asubuhi akamkabidhi konda wa basi la Lusewa.